Mama wa Kitambaa



Katika siku hii ya Jubile tunamshukuru Mungu kwa ajili ya watoto wote waliobatizwa katika parokia yetu. Inatupasa kuwakumbuka pia wale waliowapokea watoto hao kabla ya padri, ndio wakunga. Juu ya kazi yao tunapenda kuwasimulia habari moja ya Ufaransa.

Katika karne ya 18, wamama wengi wa vijiji vya nchi ile walikufa wakizaa. Mkunga mmojawapo, Angélique du Coudray, aliyepata ruhusa ya kazi mjini Paris mwaka 1740, aliona kwamba wazalishaji wa vijijini walikosa mafundisho, na tena wengi hawakujua kusoma. Basi alifanya nini? Alishona sanamu ya kitambaa na ngozi, kiuno na mapaja ya mama, yenye ukubwa wa mtu, na mtoto wa kitambaa pamoja na kitovu na kondo lake. Kinywa cha mtoto kiliachwa wazi, kusudi mwanafunzi aingize kidole na kuinamisha kichwa, mtoto anapotanguliza miguu. Kamba zilionyesha namna njia ya uzazi inavyopanuka.

Mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimtuma kufundisha katika nchi nzima. Mwaka ule ule alitoa kitabu, lakini hakutumaini kitabu peke yake. Kila mwanamke alifanya kazi kwa mikono yake, akakosea, akasahihishwa, akarudia. Hata mwaka 1783 alikuwa amefundisha wanawake wapata 5000. Sanamu yake moja ingali inahifadhiwa mjini Rouen.

Ndugu wapenzi, sisi tuliolelewa kwa vitabu katika seminari ndogo tulidhani zamani kwamba asiyesoma hawezi kufundishwa jambo gumu. Mama huyu anatusuta. Kosa juu ya kitambaa halimwui mtu. Kosa lile lile juu ya mama mwenye uchungu laweza kuzika watu wawili.

Kwa hiyo tunawasihi: tusiwadharau mabibi wanaozalisha vijijini, wala tusiwaache bila mafundisho. Tuwaite, wajizoeze hata kwa mtoto wa nguo, na wajue saa ya kumpeleka mama hospitalini bila kukawia.

Mungu aibariki mikono yao.