Ithibati Nje ya Geti la Chuo

Msikilizaji, shahada ya ustawi wa jamii inapoombewa ithibati, hukaguliwa mtaala, sifa za wahadhiri, hata maktaba. Sawa. Lakini afisa ustawi hapikwi darasani tu.

Marekani, Baraza la Elimu ya Ustawi wa Jamii, lililoundwa 1952, linadai saa zisizopungua 400 za mafunzo kwa vitendo kwa shahada ya kwanza, na 900 kwa uzamili. Ni hatua nzuri, ingawa saa peke yake hazimfundishi mtu.

Kwetu Tanzania, TCU husimamia vyuo vikuu, NACTVET vyuo vya ufundi. Mkaguzi huletewa daftari la mafunzo lenye sahihi na mhuri wa kila wiki; kumbe pengine mwanafunzi alikuwa akipanga majalada na kutumwa fotokopi. Kesho yake huyo huyo ndiye afisa, na chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 anaandikia mahakama ripoti ya uchunguzi wa kijamii, hakimu aamue mtoto akae na nani. Hapo hakuna mtihani wa marudio.

Wakaguzi basi watoke nje ya geti. Waende wodini, ofisi za kata, makao ya watoto, wamuulize msimamizi wa mafunzo yeye mwenyewe amesomea nini. Na chuo kilichopungukiwa kisiishie kupewa barua ya onyo. Kisaidiwe nauli ya wahadhiri, maana mwanafunzi aliyepangiwa Tunduru anaweza kumaliza mafunzo bila kumwona mhadhiri hata mara moja.