Kumsaidia Mwenzako Masomo na Kumghushia
(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya vijana na wazazi wao)



Wazee wangu, ndugu zangu wapenzi, na nyinyi vijana mliokaa safu za nyuma karibu na mlango,

Mada niliyopewa ni msaada ambao wanafunzi hupeana kwa njia ya simu na intaneti, katika kazi za nyumbani na katika mitihani. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo naona ndilo mada yenyewe. Alisema: Maalim, mwenzangu hunitumia ujumbe usiku akiomba majibu ya hesabu za kesho, na mwalimu ametuagiza kila mtu afanye peke yake. Je, nikimnyima sitakuwa nimeficha elimu, nasi tumefundishwa kwamba mwenye kuificha atatiwa lijamu ya moto Siku ya Kiyama?

Swali hili lina uzito, wala halifai kujibiwa kwa kuikemea simu. Wapo wazazi ambao kila baya la mtoto wamelitwika simu, kana kwamba zamani wanafunzi hawakunakiliana madaftari chini ya mwembe kabla ya kengele. Mwaka 2020, shule za Tanzania zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wasirudi darasani hadi tarehe 29 Juni, vikundi hivyo hivyo vya WhatsApp vilikuwa msaada mkubwa kwa waliokuwa na simu. Aliyeelewa alimrekodia mwenzake maelezo kwa sauti yake. Mwenye kitabu alimpigia picha ukurasa yule asiyekuwa nacho. Huo ni wema, na mwenye kuufanya ana thawabu zake.

Basi mpaka uko wapi? Turejee Badri. Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kwamba mwaka wa 2 Hijiria, wale mateka wa Makka waliojua kuandika, lakini hawakuwa na mali ya kujikombolea, waliwekewa fidia ya kuwafundisha kuandika watoto wa Madina, kila mateka watoto kumi. Hebu tafakarini, vijana. Lau mateka mmoja angelivichukua vibao vya watoto wake kumi akaviandika vyote kwa mkono wake, hati safi, herufi zimenyooka, je, angeliachwa huru? Asingeliachwa. Hayakutakiwa maandishi, walitakiwa watoto wanaojua kuandika. Na kazi ya nyumbani ni vivyo hivyo. Mwalimu hana haja na jibu la swali la nane, kwani jibu analo tayari. Anataka kichwa kinachoweza kulifikia. Kwa hiyo anayemtumia mwenzake jibu tupu hajampa elimu hata chembe. Na anayekataa kulituma, lakini akatumia robo saa kumwonyesha njia kwa mfano wa swali jingine, hakuficha kitu. Lijamu ile haimhusu.

Tena Mtume Mtukufu (s.a.w.) alituagiza tumsaidie ndugu yetu, awe anadhulumiwa au awe yeye ndiye dhalimu. Masahaba wakastaajabu, wakauliza vipi dhalimu atasaidiwa. Akawafahamisha kwamba msaada wake ni kumzuia asidhulumu. Kumbe katika dini yetu hata kukataa huweza kuwa msaada, ingawa anayekataliwa atanuna siku mbili tatu.

Katika mtihani jambo huzidi uzito, kwa kuwa cheti ni ushahidi mbele ya watu wasiokujua. Mnakikumbuka kisa cha sokoni: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Kisha ikatolewa hukumu kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Alama za kupewa na wenzako ni nafaka kavu ya juu. Atakayeingiza mkono ni mgonjwa atakayepimiwa dawa na muuguzi asiyejua kugawanya.

Na madhara hayamfiki mkosaji peke yake. Nchini Kenya, karatasi za mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 zilisambazwa kwa simu. Matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Nchini Algeria, nchi ya Waislamu wenzetu, maswali ya mtihani wa mwisho wa sekondari wa mwaka 2016 yalivujishwa katika mitandao, na wanafunzi zaidi ya laki tano wakalazimika kurudia baadhi ya karatasi mwezi wa Juni, ndani ya Ramadhani. Wangapi kati yao hawakuwa wameona hata swali moja? Mwaka 2018 serikali ya huko ilifikia kuikata intaneti ya nchi nzima kwa muda siku za mtihani. Hospitali, benki na wafanyabiashara wakangoja.

Wazazi nao wasijifiche nyuma ya vijana. Kuna baba hupeleka fedha kwa simu ili mwanawe anunue karatasi iliyoibwa, kisha hutoa sadaka akiomba mtoto afaulu. Sijui huyo anamwomba nani. Ama zile programu za akili mnemba zinazojibu maswali bila ya kumhitaji mwenzako, hukumu yake ni ile ile ya vibao vya Badri, sina la kuongeza.

Sasa kuna jambo la kutenda. Kila Jumamosi baada ya Sala ya Alasiri ukumbi wa madrasa utakuwa wazi kwa wanafunzi kusoma pamoja. Njooni na madaftari, na simu pia mzilete, maana kuna vitabu vimo humo. Wanaojua Hesabu na Fizikia, wavulana kwa wasichana, wajiandikishe kwa katibu wa vijana kabla ya kuondoka leo. Hadi sasa amepata majina manne, nayo hayatoshi.

Wassalaam alaikum.