Unga, Korona na kurushiana lawama

Wenzangu, kila siasa za unga zikianza, swali huwa ni bei. Nani ameipandisha, nani ataishusha. Ubora hatuuulizi mpaka kitu kipigwe marufuku.

Turudi nyuma kidogo. Novemba 2019, KEBS ilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Mwisho wa Januari 2020 ikaongeza 17. Wiki sita baadaye, tarehe 13 Machi, mgonjwa wa kwanza wa Korona akatangazwa nchini, na habari ya unga ikazimika. Tukawa tunahesabu wagonjwa kila siku. Lakini ugali tuliendelea kula, ama?

Na kazi ikipotea, pakiti ya kilo mbili inageuka gorogoro ya mahindi unayopeleka kwa kisiagi cha mtaa. Hapo hakuna nembo ya ubora, hakuna chapa, kwa hivyo hakuna wa kusimamishwa.

Machi 2021 ikawa siasa kabisa. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania, ikisema yana aflatoksini kupita kiasi. Siku chache baadaye ikalegeza: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Sikatai, mahindi ya jirani yapimwe. Lakini haya yetu nani anayapima? Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa, na mahindi yenyewe mengi yalikuwa ya shamba lao, yaliyowekwa nyumbani kabla ya kukauka vizuri. Hiyo sumu inatokana na kuvu. Punje inaweza kuonekana safi kabisa, na hata usonge ugali vipi, sumu haiishi.

Sasa Katiba. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya chakula cha kutosha, chenye ubora unaokubalika. Viwango huwekwa na serikali kuu kupitia KEBS. Kutoa leseni na kudhibiti wanaouzia umma chakula, Jedwali la Nne limeziachia kaunti. Ndiyo maana jukwaani mwanasiasa wa kitaifa atakuambia "hiyo ni ya kaunti," wa kaunti naye "hiyo ni ya KEBS." Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na mtangazaji anahamia swali lingine. (Huwa naudhika sana hapo.)

Mimi nikipewa maikrofoni siku ya mdahalo, bei sitaigusa. Nitamuuliza anayetaka ugavana: kaunti hii ina mashine ngapi za kukausha mahindi? Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, mkulima wa magunia kumi atazifikia vipi? Na unga wa visiagi vya sokoni, mara ya mwisho ulipimwa lini?