Kopo Limekuwa Dogo

 

Hapa kwetu mpakani, tangu Busia hata Malaba, nyumba nyingi zina ua barazani, limepandwa katika kopo la mafuta ya kupikia. Mbele ya ofisi ya kanisa letu tulikuwa na moja la majani marefu, magumu, yaliyochongoka kama upanga. Likaanza kugeuka manjano. Tukadhani lina kiu, tukazidisha maji. Likazidi kudhoofika.

Siku moja mama mmoja wa kanisa alilitazama, akasema, "Mchungaji, hili halina kiu. Limebanwa." Akainamisha kopo, akalitoa lote. Udongo ulikuwa haba; mizizi ilikuwa imejizungukia yenyewe, na ile ya chini imeoza kwa maji yetu, maana kopo halikuwa na tundu. Akatwaa kisu, akaondoa yaliyooza, akaligawa ua mapande matatu, kila pande na majani yake na mizizi yake. Akayaweka kivulini siku mbili ili majeraha yakauke, ndipo akayapanda katika makopo yaliyotobolewa, yenye udongo uliochanganywa na mchanga. "Msiyamwagilie upesi," akatuonya.

Pande moja tulilihurumia, tukalimwagilia jioni ile ile. Likaoza. Mawili yangali hai.

Siku zile tulikuwa na shauri gumu katika baraza la kanisa. Ndugu wa ng'ambo ya mto, waliotembea mwendo mrefu kila Jumapili, waliomba wawe na kanisa lao. Tuliwakatalia mara mbili. Tulisema twalinda umoja. Kwa kweli tuliogopa kupoteza waimbaji na sadaka. Tulisahau tulikotoka. Dayosisi ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1961, iligawanywa mwaka 1970 ikawa Maseno Kusini na Maseno Kaskazini; baadaye zikazaliwa Nambale, mwaka 1987, na Katakwa, mwaka 1991. Kama wazee wetu wangalishika kopo lao, sisi tungalikuwa wapi?

Someni Matendo ya Mitume, mlango wa 13. Kanisa la Antiokia lilikuwa na walimu wengi, lakini Roho Mtakatifu aliwataka Barnaba na Sauli, watu wawili wa maana sana. Kanisa likafunga, likaomba, likawawekea mikono, likawaacha waende.

Nasi tuliwaruhusu ndugu zetu. Jumapili ya kwanza mabenchi yalikuwa wazi, sadaka ikapungua, na baadhi yetu tukanung'unika. Lakini ua lililogawanywa nalo huonekana maskini kwa majuma mengi, kwa kuwa kazi yake iko chini ya udongo. Tena tulijifunza kutowaendea kila siku na maagizo, tusije tukawaozesha kwa huruma yetu.

Ndugu msikilizaji, ni nini ulichokibana mkononi mwako? Pengine ni mtoto wako aliyeoa, nawe huachi kuamuru nyumbani mwake. Pengine ni kikundi ulichokianzisha, nawe hutaki mwingine akiongoze. Ukiona manjano, usikimbilie maji. Tazama mizizi kwanza.

Tuombe. Ee Bwana, mkulima wa roho zetu, twaungama kwamba tumekiita upendo kile kilichokuwa hofu. Tukate panapotupasa kukatwa, utukaushe majeraha, utupe saburi ya kungoja chipukizi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.