Miswada ya Lala Salama

Leo nazungumzia siku za mwisho za Bunge, zile wiki za lala salama ambazo mbunge keshaanza kufunga mizigo. Ndizo siku ambazo sheria nzito hupita kwa kasi, na sisi huku Mamba, mkoani Katavi, tukapata habari mambo yakiwa yameshakwisha.

Tuanzie kwa jirani zetu wa Uganda. Wao hupiga kura mwanzoni mwa mwaka, lakini Bunge la zamani huendelea kukaa mpaka Mei. Katika miezi hiyo, mbunge aliyeshindwa bado ana kiti, ana posho na ana kura ya kupitisha sheria. Mwaka 2016 uchaguzi ulifanyika Februari 18. Ilipofika Aprili, Bunge lililokuwa likimalizia muda wake lilipitisha marekebisho ya sheria ya kodi ya mapato ili posho za wabunge zisikatwe kodi. Rais Museveni alikataa kutia saini. Mwaka 2021 mambo yakajirudia. Uchaguzi ulikuwa Januari 14, na katika wiki zake za mwisho Bunge la 10, chini ya Spika Rebecca Kadaga, lilipitisha miswada kwa mfululizo. Mmoja ulikuwa wa makosa ya kingono, uliopita Mei 3, na huo nao Rais hakuutia saini.

Kwingine duniani mambo ni hayo hayo. Desemba 2018, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, gavana mpya alikuwa ameshachaguliwa lakini hajaapishwa. Wabunge wa chama kilichoshindwa ugavana wakaitana haraka, wakapitisha sheria za kumpunguzia madaraka kabla hajaingia ofisini, na gavana aliyekuwa akiondoka akazitia saini.

Wakenya waliliona tatizo hili, wakaliwekea uzio. Ibara ya 102 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inasema muda wa Bunge unakoma siku ya uchaguzi mkuu unaofuata. Ibara ya 134 inamzuia Rais anayeondoka kuteua majaji au mawaziri kuanzia siku ya kwanza ya kupiga kura mpaka Rais mpya aingie madarakani. Lakini uzio wa baada ya uchaguzi haukuzuia yale yanayofanyika kabla yake. Januari 2013, uchaguzi wa Machi 4 ukiwa umekaribia, wabunge wa Kenya walijipitishia kiinua mgongo cha shilingi milioni 9.3 kila mmoja. Rais Kibaki akakataa.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu Tanzania, Bunge huvunjwa kabla ya uchaguzi. Likishavunjwa, Rais anaweza kuliita tena ikiwa kuna hali ya hatari, vinginevyo wabunge wamekwenda zao. Kwa hiyo mchezo wa Uganda kwetu haupo. Lala salama yetu iko mahali pengine: iko Juni na Julai, katika mkutano wa mwisho kabla Bunge halijavunjwa.

Kumbuka mwaka 2015. Serikali ilipeleka Dodoma miswada mitatu kwa hati ya dharura: wa petroli, wa usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na wa uwazi katika sekta ya uchimbaji. Hiyo ni mali ya vizazi na vizazi. Wabunge wa upinzani walipinga haraka ile, Spika Anne Makinda akawasimamisha baadhi yao, na miswada ikapita mwanzoni mwa Julai. Tarehe 9 Julai Rais Kikwete akalihutubia Bunge na kuliaga. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Mizengo Pinda, mbunge wa jimbo la Katavi, mtu wa kwetu kabisa. Sikumbushi hilo ili kumlaumu. Nakumbusha kwamba hata tulipokuwa na Waziri Mkuu kutoka kwetu, mkulima wa Mamba hakupata nafasi ya kuulizwa.

Mwaka 2020 hali ikawa hiyo hiyo. Juni, siku chache kabla Rais Magufuli hajalihutubia Bunge na kuliaga tarehe 16, ilipita Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 3. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichomtaka mtu anayekwenda mahakamani kutetea haki za kikatiba aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Maana yake ni nini kwa kijiji? Mwanakijiji asiye na nauli wala wakili huwategemea wengine wamsemee. Kifungu kile kiliwafungia mlango hao wengine.

Mkulima wa mpunga wa huku kwetu anaijua lumbesa. Gunia limejaa, lakini mnunuzi anaongeza juu, anashona kwa kamba, kisha analipa bei ya gunia moja. Muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali unaoletwa siku za mwisho umefungwa vivyo hivyo: sheria nyingi ndani ya muswada mmoja, na muda wa kujadili ni wa sheria moja. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa sokoni. Bungeni nani anaikataza?

Na tazama majira yenyewe. Juni huku ni mavuno. Turubai zimetandazwa, mpunga unaanikwa, akili yote iko kwenye bei na ada za shule. Hata kama kamati ya Bunge ingewaita wadau, ni nani wa Mamba atakayepanda gari mpaka Mpanda, aunge Tabora, ndipo afike Dodoma kutoa maoni, huku hati ya dharura imeshaondoa hata zile siku za kawaida za kuusoma muswada?

Mbunge wa Uganda aliyeshindwa hamwogopi mpiga kura, kwa sababu kura imeshapigwa. Mbunge wetu wa Juni anakiogopa chama, kwa sababu kura za maoni ziko mbele yake na hataki kuonekana mkaidi. Wanatofautiana sababu, ila matokeo ni mamoja: mwananchi anatoka kwenye hesabu.

Wako watakaosema Bunge lina mamlaka kamili hadi siku ya mwisho. Ni kweli. Bajeti lazima ipite kabla ya Juni 30, na janga likitokea haliwezi kusubiri. Lakini gesi iliyokaa chini ya bahari karne na karne ingeweza kusubiri miezi minne. Utaratibu wa kwenda mahakamani nao ungeweza kusubiri.

Kwa hiyo nasema wazi. Kanuni za Bunge zibadilishwe, mkutano wa mwisho kabla ya Bunge kuvunjwa ushughulikie bajeti na dharura ya kweli tu. Muswada mwingine wowote ungoje Bunge jipya. Na sheria yoyote iliyopitishwa kwa hati ya dharura katika mkutano huo irudi mbele ya Bunge jipya ndani ya mwaka mmoja, ijadiliwe upya, wananchi wakiwa wamesikilizwa.

Msikilizaji, Bunge la sasa litafika lala salama yake mwaka 2030. Usisubiri mpaka Juni ya mwaka huo. Mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara, ukimaliza kumuuliza habari za barabara, maji na zahanati, muulize na hili: siku ya mwisho, muswada mzito ukiletwa mbio mbio, utasimama upande gani? Akujibu mbele ya watu wote, na jibu lake likae kwenye kumbukumbu za kijiji.