Chakula cha Saa Nne Usiku

Msikilizaji, msimu wa sherehe umepamba moto. Hapa Dar es Salaam kila Jumamosi kumbi zimejaa, na kamati za harusi zinakesha zikifuatilia michango. Kamati hizi hupanga kila kitu: rangi ya mapambo, gari la maharusi, MC, keki, kreti za soda na katoni za bia. Swali ambalo ni nadra kulisikia kikaoni ni hili: wageni wetu wenye kisukari watakunywa nini, na watakula saa ngapi?

Wageni hao wapo. Ni baba mkubwa aliyepanda basi kutoka Moshi, ni shangazi wa bibi harusi, na siku hizi ni hata kijana wa ofisini ambaye wenzake hawajui kama anajichoma sindano za insulini. Wengi hawatasema, kwa kuwa hakuna anayependa kuonekana mzigo kwenye shughuli ya watu. Ndiyo maana mwenye shughuli ndiye anayepaswa kufikiria kabla.

Tuanze na kinywaji, kwa sababu ndicho kinachomfikia mgeni kwanza. Mhudumu anapita na trei, anauliza, "Soda gani, mama?" Mama akisema maji, anaambiwa maji yataletwa baadaye, na hayaletwi mpaka apige makofi kuita. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba hata mtu mzima asiye na ugonjwa wowote ingefaa asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Na sukari ya kunywa huingia kwenye damu haraka, maana hakuna nyuzinyuzi za kuichelewesha.

Juisi nayo inatudanganya wengi. Tunasema ni ya matunda halisi, haina neno. Glasi moja ya machungwa imekamuliwa kwenye machungwa matatu au manne, makapi yametupwa, utamu wote umebaki kwenye glasi. Nanasi, embe na ukwaju vina sukari yao wenyewe kabla mpishi hajaongeza yake. Asali pia ni sukari, hata ikitoka Tabora.

Hapa nina ombi dogo, lisilo na gharama. Rosela, yale maua mekundu yaliyokaushwa, mpishi huyachemsha na tangawizi, akachuja, akaacha yapoe kwenye ndoo. Hapo ndipo sukari inapomiminwa, kilo baada ya kilo, huku mtu akikoroga kwa mwiko mrefu. Kabla ya kilo ya kwanza kuingia, achotwe majagi matatu yawekwe kando, yatiwe iliki na barafu. Ni kinywaji chekundu, kichachu, chenye sura ya sherehe, na hakina sukari ya kutisha. Jagi liwekewe kikaratasi: HAINA SUKARI. Liwe kwenye meza ya vinywaji vya watu wote, pamoja na maji baridi, soda zisizo na sukari kabisa, na birika la kahawa chungu au chai ya mdalasini ambayo kila mtu atatia sukari mwenyewe. Wenye kisukari wasitengewe meza yao pembeni. Nimeona ukumbini MC akitangaza kwa kipaza sauti kwamba wagonjwa wa sukari wapite kushoto, na hakupita hata mmoja.

Kwenye chakula sina maneno mengi. Mwenye kisukari hahitaji kupikiwa sufuria yake. Pilau anaweza kula, cha msingi ni kiasi. Wataalamu wa lishe wanafundisha sahani ya mafungu: nusu mboga, robo nyama, samaki au maharage, robo ya mwisho wali, ndizi au chipsi. Tatizo ni jinsi tunavyopanga meza. Sufuria ya kwanza ni pilau, ya pili wali mweupe, ya tatu chipsi, ya nne ndizi, na mgeni anapofika kwenye mchicha na kachumbari sahani haina nafasi. Geuzeni mpangilio. Mboga zianze, kuku wa kuchoma na samaki vifuate, pilau ikae mwisho. Na mhudumu mwenye upawa aulize kwanza kabla ya kujaza.

Keki pia ina utaratibu wake. Maharusi wanapowalisha wazazi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha kwa heshima, kwa picha na kwa afya ya mzee. Baada ya hapo tumwache. Ile kauli ya "kula bwana, leo sherehe, dawa utameza nyumbani" inaumiza. Dawa imepimwa kulingana na mtu anavyokula kila siku. Kumeza kidonge cha ziada usiku hakufuti kilicholiwa mchana.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni saa. Kadi inasema saa 12 jioni. Maharusi wanaingia saa 2 na nusu. Utambulisho wa ukoo mmoja, utambulisho wa ukoo wa pili, keki, shampeni, zawadi za vikundi vyote, na chakula kinafunguliwa saa 4 usiku, pengine saa 5. Wagonjwa wengi wanatumia insulini ya mchanganyiko, inayochomwa asubuhi na jioni, kama nusu saa kabla ya kula. Aliyejichoma saa 1 akiamini kadi, insulini yake inafanya kazi tumbo likiwa tupu. Vidonge vya glibenklamidi vinaweza kuleta hali hiyo hiyo. Sukari inashuka. Jasho jembamba linamtoka ingawa kiyoyozi kinavuma, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, maneno hayashikani. Akiwa ameshika bia, majirani wa meza wanasema amelewa, na bia yenyewe inazidisha hatari, kwa sababu ini linaposhughulika na pombe linashindwa kuachia sukari yake ya akiba.

Katika dakika hizo, ile soda ya kawaida tuliyoikwepa ndiyo inayohitajika. Karibu nusu ya chupa, kama mililita 150, anywe mara moja, msubiri dakika 15, kisha ale chakula. Hapo soda isiyo na sukari haitamsaidia. Kama amepoteza fahamu, msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu na gari liondoke kwenda hospitali, hata likiwa lile lililopambwa maua.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamati zinazokutana wiki hii, saa ya chakula iandikwe kwenye kadi, na iheshimiwe. Ikishindikana kabisa, karanga za kuchemsha, mayai na vipande vya mihogo viwe mezani tangu wageni wanapoketi, ili aliyejichoma asikae na njaa akisubiri zawadi za kikundi cha tisa. Na yule shangazi mnayejua ana kisukari, mpigieni simu siku tatu kabla, kwa faragha. Muulizeni anapenda kunywa nini, na jioni hula saa ngapi. Akijibu saa 2, MC apange ratiba kuanzia hapo.