Bonde la Gikondo na Sadaka Isiyokatika

Enyi ndugu Waislamu, bonde la Gikondo hapa Kigali lilikuwa makao ya viwanda kwa miaka mingi. Maji ya mvua yalikosa njia, yakafurika. Serikali ikaviondoa viwanda, ili bonde liwe bustani ya watu wote. Bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022, imekwisha kuonyesha kuwa jambo hilo lawezekana.

Lakini amri haimwagilii mti. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mti apandao Mwislamu, akila ndege au mtu, ni sadaka yake. Basi mwenye faranga atoe, asiye nazo alete jembe siku ya umuganda. Aliyetoa hatupi taka alipotoa. Haba na haba hujaza kibaba.

Wabillahi tawfiq.